WhatsApp, Telegram, Signal au meseji ya kawaida: ipi ibebe mazungumzo yenu ya siasa Arusha na Moshi?

Kamati ya watu saba inayopanga kampeni ya udiwani Sombetini haihitaji chombo kilekile kinachotumiwa na grupu la wakazi 400 wa Pasua wanaojadili mitaro na ushuru wa soko. Hata hivyo wote huishia WhatsApp, kwa sababu ndiko watu waliko. Siku simu ya mmoja inapochukuliwa, mazungumzo ya mwaka mzima yanasomwa kama gazeti lililoachwa mezani.

Ukitaka kuchagua vizuri, weka pembeni kwanza swali la programu ipi ni salama. Uliza hivi: neno likishatoka kidoleni, nakala zake zinalala wapi, na nani ana uwezo wa kuziomba? Mahali ni panne: kwa kampuni ya simu, kwenye seva za mwenye programu, kwenye bakapu (nakala ya akiba ya mazungumzo), na ndani ya simu zenyewe, yako na za wenzako. Njia hizi nne za kutumiana ujumbe zinatofautiana sana kwenye mahali patatu pa kwanza. Pa nne zinakaribia kufanana, na hapo ndipo uangalifu wa watu huwa mdogo kuliko kote.

| | Yaliyomo yamefumbwa (anasoma mwandishi na mwandikiwa tu)? | Kampuni inabaki na nini | Bakapu |
|---|---|---|---|
| SMS | Hapana | Nani, lini, mnara upi. Ujumbe wenyewe unapita wazi | Kwenye simu |
| Telegram | Chati ya siri ya watu wawili tu | Chati zote za kawaida na magrupu, namba, anwani ya IP (namba ya muunganisho wako wa intaneti) | Wingu la Telegram lenyewe |
| WhatsApp | Ndiyo, chati za watu na magrupu | Nani na nani, lini, magrupu, anwani ya IP | Google Drive au iCloud, bila kufumbwa na WhatsApp hadi uwashe mwenyewe |
| Signal | Ndiyo, zote | Siku ya kujisajili na siku ya mwisho kuunganishwa | Hakuna hadi uiwashe |

Laini yako inajulikana, anza hapo

Programu zote tatu zinaanza na namba ya simu. Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA ulianza tarehe 1 Mei 2019, na Januari 2020 ukaanza uzimaji wa laini zisizohakikiwa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuna programu hapa itakayokufanya usijulikane kabisa. Tofauti iliyopo ni nani anaiona hiyo namba, na anaona nini zaidi yake.

Piga *106# kabla ya kuendelea. Utapata orodha ya laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, iondolewe. Laini hiyo ikifungua akaunti na kumtukana kiongozi au kutapeli mtu, wa kwanza kutafutwa ni wewe.

Upande wa sheria, ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake binafsi. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru yeyote mwenye data inayohitajika kwenye upelelezi aitoe, bila kuanzia mahakamani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa mahali pa kulalamikia kampuni inayochezea taarifa zako, ila ina misamaha kwa masuala ya usalama wa taifa na upelelezi wa jinai. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alipandishwa kizimbani, mojawapo ya makosa yakiwa ni kuzuia upelelezi, baada ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. Si kila mwenye seva atasimama kama alivyosimama yeye. Chagua kampuni isiyo na cha kutoa. Hiyo haihitaji ushujaa wa mtu.

Meseji ya kawaida

SMS haifumbwi. Kampuni ya simu inaweza kuisoma, na inabaki na kumbukumbu ya nani alimtumia nani, saa ngapi, akiwa karibu na mnara upi. Mtu aliyerenew laini yako kwa hila anapokea meseji zako zote mpya papo hapo.

Kwa wenye kiswaswadu hakuna njia nyingine, na katika kata zetu bado ni wengi, hasa wazee. Itumieni kwa yale ambayo hata yakibandikwa ukutani hayamdhuru mtu: "Kikao kesho saa 10 ofisi ya mtaa." Majina, fedha, mipango na picha za nyaraka zisiende huko.

Telegram

Hii ndiyo inayowapotosha wengi, kwa sababu sifa yake ni kubwa kuliko ulinzi wake. Chati za kawaida na magrupu yote ya Telegram hayajafumbwa mwisho hadi mwisho. Yamo kwenye seva za kampuni, na funguo wanazo wao. Kinachofumbwa kweli ni chati ya siri, na hiyo lazima uifungue mwenyewe: gusa jina la mtu, kisha nukta tatu, kisha chagua kuanzisha chati ya siri. Ni ya watu wawili tu. Grupu la siri halipo.

Agosti 2024 mwanzilishi wake, Pavel Durov, alikamatwa Ufaransa. Mwezi uliofuata kampuni ilibadili masharti yake na kusema inaweza kutoa namba za simu na anwani za IP za wanaovunja kanuni zake mamlaka zikileta maombi halali ya kisheria.

Kuna hatari nyingine ambayo WhatsApp na Signal hazina kwa kiasi hicho. Kwa kuwa historia yako yote iko kwenye wingu, anayefanikiwa kuingia kwenye akaunti anakuta mazungumzo ya miaka yote yakimsubiri. Na mlango wa kuingilia ni namba ya uthibitisho, ambayo inaweza kuja kwa SMS. Kama unabaki Telegram, weka nenosiri la hatua ya pili leo, chini ya setingi za faragha na usalama, na hapohapo chagua kwamba namba yako isionwe na mtu yeyote.

Inachofaa, na kwa hilo ni nzuri kuliko nyingine zote, ni ubao wa matangazo. Chaneli inafikia maelfu ya watu, wafuasi hawaoni namba za wanaoiendesha wala za wenzao. Mgombea anayetaka ratiba ya mikutano na hotuba zake zifike kila kata ya Moshi Mjini afungue chaneli, asifungue grupu.

WhatsApp

Yaliyomo kwenye WhatsApp yamefumbwa tangu Aprili 2016, kwa mfumo uleule wa Signal. Kampuni haisomi meseji zako njiani. Shida yake ni vitu vinavyozunguka meseji.

Kwanza, inajua unaongea na nani, lini, mara ngapi na umo kwenye magrupu gani. Waraka wa FBI wa Januari 2021 uliovuja baadaye ulionyesha kwamba kwa kibali cha Marekani WhatsApp inaweza kutoa orodha ya nani anamwandikia nani kila baada ya dakika 15. Kwa mwandishi wa habari wa Arusha anayelinda chanzo chake, hiyo inatosha kumtoa mtu hadharani bila neno hata moja kusomwa.

Pili, bakapu. Kwenye Android inakwenda Google Drive, na kwa kawaida inakwenda bila kifumbo cha mwisho hadi mwisho. Tangu Oktoba 2021 unaweza kuifumba: ingia setingi, chati, bakapu ya chati, kisha washa bakapu iliyofumbwa. Utachagua nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Andika kwenye karatasi na uiweke nyumbani mahali pakavu, kwa maana ukisahau hakuna wa kukufungulia, hata WhatsApp wenyewe. Kosa la kawaida ni mtu mmoja kufanya hivyo akadhani amemaliza. Grupu la watu 30 lina bakapu 30. Wenzako 29 wasipofumba zao, maneno yako yako Google mara 29.

Tatu, namba. Kila mwanagrupu anaiona ya mwenzake. Ukiingiza mgeni mmoja kwenye grupu la kampeni, amepata orodha kamili ya wanachama wenu na namba zilizosajiliwa kwa NIDA.

Nne, GB WhatsApp na ndugu zake. Hizi si za kampuni. Zimetengenezwa na watu wasiojulikana na hazipatikani kwenye Play Store. Zinapendwa kwa sababu zinaonyesha meseji zilizofutwa na kuficha tiki za bluu. Hakuna anayeweza kukuhakikishia zinapeleka wapi zinachosoma. Mmoja tu kwenye grupu akiwa nayo, kufumbwa kwa wengine wote hakuna maana, na ujumbe unaojifuta kwake haufutiki. Ulizaneni waziwazi kabla ya kuanza.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: mwanagrupu akiripoti ujumbe, meseji tano za mwisho zinakwenda WhatsApp zikiwa wazi. Hapo hakuna kilichovunjwa, ni mtu wenu ameamua kuzitoa.

Kwa grupu kubwa la mtaa, WhatsApp bado ndiyo jibu. Iwekeni sawa: hatua ya pili ya uthibitisho yenye PIN ya tarakimu 6 kwa kila mmoja, ujumbe unaojifuta baada ya siku 7, faragha ya juu ya chati iliyokuja 2025 inayozuia kuhamisha mazungumzo yote kwa mkupuo, na ruhusa ya kuingiza watu ibaki kwa viongozi wawili. Skrinishoti hazizuiliki kwa lolote kati ya haya.

Signal

Mwaka 2016 amri ya mahakama ya shirikisho ya Marekani huko Virginia iliitaka Signal itoe taarifa za mtumiaji. Walichoweza kutoa ni vitu viwili: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho ilipounganishwa. Hawakuficha. Hawakuwa na kingine, kwa kuwa mfumo umejengwa usihifadhi majina ya magrupu, orodha ya marafiki wala nani alimwandikia nani. Hii ndiyo hoja yote ya kuichagua, na kwa mazungumzo yanayoweza kumgharimu mtu kazi au uhuru inatosha.

Tangu Februari 2024 unaweza kutumia jina la mtumiaji badala ya kumpa mtu namba. Fungua setingi, faragha, namba ya simu, kisha chagua "hakuna" kwenye maswali yote mawili: nani anaiona, na nani anaweza kukutafuta kwayo. Ukiacha la pili wazi, yeyote mwenye namba yako atajua kwamba unatumia Signal.

Kisha weka PIN na uwashe kufuli ya usajili. Bila kufuli hiyo, aliyerenew laini yako anafungua Signal kwa jina lako na kuwaandikia wenzako. Hataona historia, lakini wao watamwamini. Ukae ukijua kwamba kufuli hii hulegea usipotumia akaunti kwa siku 7 mfululizo, kwa hiyo simu ya Signal isizimwe wiki nzima na kutupwa kabatini.

Udhaifu wake uko kwenye mikono ya watu. Machi 2025 maofisa wakubwa wa serikali ya Marekani walipanga mashambulizi ya Yemen ndani ya grupu la Signal ambamo mhariri wa jarida la The Atlantic alikuwa ameingizwa kwa makosa. Kifumbo kilifanya kazi yake sawasawa. Aliyekaribishwa ndiye hakuwa wao. Mapema mwaka huohuo Google walionya kuhusu wadukuzi waliohusishwa na Urusi waliowatumia watu msimbo wa QR ulioonekana kama mwaliko wa grupu. Ukiuskani, unakuwa umeunganisha kompyuta yao na akaunti yako, na kila meseji inafika kwao pia. Kila Jumatatu fungua setingi, vifaa vilivyounganishwa. Usichokitambua, kitoe.

Kuna gharama. Watu hawapo huko, mtawaingiza mmoja mmoja. Kama unanunua bando la mitandao ya kijamii, soma masharti: mengine yanataja programu kwa majina, na Signal isipotajwa itakula MB za kawaida. Na simu ikipotea bila bakapu, historia imekwenda nayo. Kwa kamati ya kampeni hilo ni faida. Kwa mhazina anayetunza risiti ni hasara, na risiti zake zisikae kwenye chati kabisa.

Simu yenyewe

Meseji iliyofumbwa vizuri kuliko zote inasomeka vizuri kabisa kwenye kioo kilichofunguliwa. Tazama meza ya fundi simu yeyote pale stendi: simu kumi zimepangwa, kila moja mgongoni ina kipande cha gundi ya karatasi chenye jina la mteja, kazi ya kufanya na, kwa peni hiyohiyo, namba ya siri ya kufungulia. Zinalala pale hadi kesho yake. Fundi anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa. Anayepita nyuma ya meza humjui.

Kubadili kioo hakuhitaji namba ya siri. Kujaribu kugusa kioo kunafanyika na wewe ukiwa umesimama hapo. Subiri imalizike. Kama lazima uiache, Samsung za miaka ya karibuni zina hali ya matengenezo kwenye sehemu ya kutunza kifaa: inafungua simu ikiwa tupu na kuficha picha, meseji na akaunti zako zote mpaka urudi. Simu isiyo nayo, toa laini na kadi ya kumbukumbu, na ufute programu ya mazungumzo kabla, ukiwa na bakapu iliyofumbwa.

Tumia PIN ya tarakimu 6 au zaidi. Mchoro wa kufungulia simu (pattern) unaacha alama kwenye kioo, na mtu wa siti ya nyuma kwenye daladala anaushika kwa kuangalia mara moja. Alama ya kidole ni rahisi, lakini kidole kinaweza kushikwa na kubandikwa kwenye kioo. Ukizima na kuwasha simu, itadai PIN kabla ya kidole kukubaliwa. Zuia pia meseji zisionekane kwenye kioo kilichofungwa. Signal ina setingi yake ya kuonyesha kwamba kuna ujumbe bila jina wala maneno. Na ukitumia WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari kuchapisha barua, toka kwenye akaunti kabla ya kulipa. Kufunga dirisha peke yake hakukutoi.

Kuhusu kufuta: washeni ujumbe unaojifuta siku grupu linapoundwa, uwe utaratibu wa kila siku. Msianze kufuta baada ya mwenzenu kuitwa kituoni. Sheria ya 2015 inahesabu kufuta data kwa nia ya kukwamisha upelelezi kuwa kosa lenyewe, hata kama kilichofutwa kilikuwa hakina ubaya. Mwenye wasiwasi huo amtafute wakili kwanza.

Mtandao ukizimwa

Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini, na hakuna programu kati ya hizi tatu iliyoweza kufanya kazi bila intaneti. Kuzimwa kabisa na kuzuiwa programu moja ni vitu viwili. Programu moja ikizuiwa, proksi (njia ya kupitia seva nyingine) iliyomo ndani ya setingi za Signal, WhatsApp au Telegram inaweza kusaidia. VPN, programu inayopitisha intaneti yako yote kwenye seva ya mtu mwingine, nayo husaidia, ila kwa tangazo la Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) la Oktoba 2023 wanaotumia VPN walitakiwa kutoa taarifa zao kwa mamlaka hiyo. Kabla ya kuiweka, jua kwamba unafanya uamuzi wa kisheria, na kwamba mwenye VPN ya bure anaona ulikokwenda badala ya kampuni ya simu kuona.

Briar, ya Android, inapeleka ujumbe kwa Bluetooth na Wi-Fi bila intaneti, ila watu wawe karibu, ndani ya ukumbi mmoja au nyumba jirani. Kati ya Arusha na Moshi, kilomita kama 80, haikusaidii. Kwa umbali huo pangeni mapema kwa mdomo: nani atampigia nani, saa ngapi, na mkipoteana mnakutana wapi.

Nani achukue ipi

Matangazo kwa umma: chaneli ya Telegram au ya WhatsApp. Wakazi wa mtaa: WhatsApp iliyowekwa sawa, na SMS kwa wasio na simu janja. Wakili na mteja, mwandishi na chanzo, kamati ya siri ya kampeni: Signal, bila majadiliano.

Kamati ile ya watu saba wa Sombetini iufanye uhamisho ana kwa ana, kikao kimoja, kila mtu na simu yake mkononi yenye chaji. *106# kwanza. Kisha kuondoa GB WhatsApp, kuweka Signal kutoka Play Store, PIN, kufuli ya usajili, kuficha namba, ujumbe unaojifuta kwa wiki moja. Mwisho kabisa, namba za usalama: kila mmoja anafungua chati ya mwenzake, anagusa jina, anaskani msimbo kwenye kioo cha mwenzake au wanasomeana tarakimu 60 kwa sauti. Watu saba ni jozi 21. Namba hiyo ikibadilika baadaye, huenda mwenzenu amenunua simu mpya, au kuna mtu mwingine kwenye laini yake. Mpigieni msikie sauti kabla ya kuandika neno. Asiyefika siku hiyo haingizwi kwa kutumiwa kiungo. Anasubiri kikao kijacho.